Mjadala: Mkopo wa vijana Mwanza ununue buldoza ndogo ya Kichina?

Mleta mada, Buhongwa

Wadau, mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), ilisitishwa 2023 na kurejea 2024. Kikundi chetu kimekaa kikao baada ya kikao kuhusu nini cha kuomba. Bodaboda zimejaa, bajaji zimejaa. Tunataka kuomba buldoza ndogo mpya kutoka China. Wazee wetu mtaani wamepinga, na hata ndani ya kikundi tumegawanyika, kwa hoja kwamba fedha ya umma isinunue chuma cha Mchina kitakachokufa kabla deni halijaisha. Mimi nasema inunue, ila sharti moja liandikwe ndani ya mkopo wenyewe.

Kazi ipo, hilo halina ubishi. Tazameni Buhongwa, Kisesa, Usagara na Igoma. Kila kona mtu anasawazisha kiwanja kwa sururu na toroli. Akitaka mtambo mkubwa, analipia lobedi, lile lori la kubebea mitambo, ya kuuleta, analipia saa za chini hata kama kazi yake ni ndogo kuliko saa hizo, na pengine kichochoro chenyewe hakiupitishi. Barabara za mitaa zinazokatika kila masika zinahitaji kusukumiwa moramu, siyo kusubiri greda mpaka bajeti ijayo. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Kikundi kisicho na mtambo kinaishia kufyeka nyasi na kuzibua mitaro, huku kazi ya udongo ikichukuliwa na mwenye chuma.

Tuelewane tunazungumzia mtambo gani, maana wengine wakisikia buldoza ya Kichina wanawaza Shantui SD16 ya tani 17 na nguvu farasi 160. Siyo hiyo. Nazungumzia ile ya tani 1 hadi 3, nyingi zina injini ya pistoni moja inayolala, ya ukoo ule ule wa ZS1115 tunaouona kwenye pawatila na mashine za kusaga. Injini ya namna hiyo ina kilowati 16 hivi, na ikifanya kazi kwa nguvu yote hula dizeli kama lita 4 hadi 5 kwa saa. Ile SD16, yenye kilowati 120, kwa nguvu yote hula zaidi ya lita 30. Kwa kusukuma kifusi cha msingi wa nyumba ya vyumba vitatu, tofauti hiyo ndiyo faida yote.

Sharti langu ni hili: robo ya mkopo isiguswe kwa kununulia. Ibaki kwa kuufungua mtambo, kubadilisha vilivyo dhaifu, kununua spea za mwanzo na kumfundisha opereta, kabla haujapanda kiwanja cha mteja hata kimoja. Mtambo huu mdogo wa Kichina unatoka kiwandani ukiwa umeunganishwa tu, kazi ya kuumalizia imeachwa kwa mnunuzi. Atakayekubali kuifanya kazi hiyo atapata mtambo mzuri kwa bei nafuu. Asiyekubali atapata hasara, na atawaambia wenzake kwamba China ilimwibia.

Karibuni, ila mje na hoja.

Mchangiaji, Kisesa

Mkuu, mimi napinga, na napinga nikiwa mtu wa kazi hizi. Hujagusa kitu kimoja: uzito. Buldoza haisukumi kwa injini peke yake. Inasukuma kwa uzito wake unaoshika ardhi. Mtambo wa tani 2, hata uufunge injini ya lori, hauwezi kusukuma kwa nguvu inayozidi tani 2, na kwenye udongo laini ni chini ya hapo, cheni zitazunguka bure. Sasa niambie, Mwanza hii yenye mawe makubwa kuliko nyumba, huo mtambo utang'oa nini? Mtaupeleka Bugando au Mabatini, mteja awaonyeshe jiwe, mbaki mmesimama.

Kwa fedha hizo hizo vikundi vitatu vikiungana vinapata mtumba wa Kijapani. Komatsu iliyokaa kazini miaka 20 bado ina chuma. Na hao Shantui wenyewe walijifunzia kwa Komatsu, kwa leseni. Kwa nini tusinunue mwalimu?

Halafu suala la deni. Mkopo una marejesho ya kila mwezi. Mtambo ukilala wiki tatu kusubiri sili (kizuizi cha oili isivuje) kutoka Guangzhou, halmashauri haitasubiri.

Fundi mitambo, Nyakato

Naomba niingie kwa upande wa gereji, maana wote wawili mmesema kweli nusu.

Kaka wa Kisesa, kwa uzito umesema sawasawa. Mtambo mdogo haung'oi jiwe na asijitokeze mtu kuuza ndoto hiyo. Ila kuhusu sili, hapo nakukatalia. Sili ya oili hainunuliwi kwa jina la mtambo, inanunuliwa kwa vipimo: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Beringi vilevile. Iliyoandikwa 6205 ina tundu la mm 25 na kipenyo cha nje mm 52, iwe imetoka China, Japani au Sweden. Ukifungua hii mitambo midogo, sehemu kubwa ya ndani ni vitu vya namba za kawaida hivyo. Anayekwama wiki tatu ni yule asiyepima, anapiga picha na kutuma kwa aliyemuuzia. Cha kuogopa ni kile kisicho na namba: cheni, na magurudumu ya chuma yanayoizungusha na kuibeba, yaani sproketi, rola na aidla. Hivyo viagizwe pamoja na mtambo, vije ndani ya kontena moja. Vikiletwa peke yake baadaye, usafiri unaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe.

Sasa kuhusu hiyo robo ya mleta mada, niwaambie inaenda wapi. Siku mtambo unapofika, mwaga oili yote, ya injini, ya giaboksi na ya haidroliki, hata kama inaonekana mpya. Mara nyingi utakuta unga wa chuma na mabaki ya rangi chini ya sampo. Safisha, weka oili unayoijua. Kisha shika spana, pita bolti moja moja. Tazama vichwa vyake: yenye alama 8.8 au 10.9 unajua nguvu yake, isiyo na alama yoyote kwenye cheni au kwenye mkono wa bledi (sahani ya kusukumia udongo) itoe, weka nyingine. Mipira ya haidroliki inayogusana na chuma chenye ncha ifunikwe au ipitishwe njia nyingine. Nyaya za umeme zifungwe upya, ziko hovyo mno. Makali ya bledi yapigwe welding ya elektrodi ngumu, au yafungwe kipande cha chuma kigumu kinachobadilishika kwa bolti, ili bledi yenyewe isichakae.

Chujio la hewa ndilo linaloua injini nyingi kwetu. Kiangazi cha Juni mpaka Septemba vumbi la Misungwi na Kwimba ni kama unga. Ongeza kikombe cha kutenganisha vumbi kabla ya chujio, na kama nafasi ipo inua bomba la kuvutia hewa lisimame juu ya kichwa cha opereta. Kwenye dizeli ongeza chujio la kutenga maji. Ni vitu vidogo, vyote vinapatikana, na mafundi wa kuvifunga hawakosekani mjini hapa.

Na paa. Mitambo mingi midogo inakuja haina kitu juu ya kiti. Mwanza ni miteremko. Ukipinduka, wewe ndiye utakayelala chini ya tani 2. Fremu ya bomba nene iliyochomelewa kwenye chasisi, siyo kwenye bati, pamoja na mkanda wa kiti. Hili nisingelijadili kabisa, ningelifanya sharti la kwanza kabla ya lile la robo.

Mwisho mchanga. Mchanga wetu unatokana na mawe ya granaiti, una chembe kali za kwazi, unakula cheni kuliko udongo wa kawaida. Kwa buldoza yoyote, miguu, yaani cheni na magurudumu yake, hula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo. Opereta asikaze cheni kupita kiasi, asirudi nyuma kwa kasi bila sababu, aondoe matope kila jioni kabla hayajakauka. Hayo matatu tu yanaongeza maisha ya cheni kuliko chapa yoyote utakayonunua.

Mkulima wa mpunga, Magu

Shikamooni kaka zangu. Nyie mnabishana kuhusu mawe, sisi huku hatuna mawe, tuna mbuga. Udongo mweusi ule ukilowa unashika mpaka ng'ombe wanagoma. Kusawazisha majaruba ni kazi ya jembe la mkono na mgongo wa mama. Trekta kubwa likiingia na mvua limezama, na likitoka limeacha mashimo.

Hesabu ya huo mtambo wa tani 2 niliifanya na mwanangu: mikanda ya mpira ya upana wa sentimita 25, sehemu inayogusa chini mita 1.2, miwili ni sentimita za mraba 6,000. Ni theluthi ya kilo kwa kila sentimita. Hapo ni kama mtu anapita kwa miguu. Kikundi chetu kina haki kwenye ile asilimia 4 ya wanawake. Kwa nini buldoza izungumzwe kama kitu cha vijana wa mjini na viwanja vya kuuza? Jaruba lililo sawa linatunza maji, na maji ndiyo mavuno. Pia lambo la mifugo likijaa tope linahitaji kuzolewa kiangazi, na hakuna anayeleta katapila kubwa kwa lambo la kitongoji.

Mimi nawaunga mkono vijana, ila mtambo utembee. Kiangazi uwe huku kwetu kabla ya vuli, wakati mwingine uwe mjini.

Mchangiaji, Kirumba

Nina jambo moja. Mitambo hii midogo itafika mahali ambapo mikubwa haikufika, na mojawapo ni ufukweni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Wenye viwanja vya ufukwe watawaita usiku na fedha mkononi wasukume matete na kujaza kifusi. Mazalia ya samaki yako kwenye matete hayo. Mkataba wa mkopo useme wazi kwamba kikundi kitakachokamatwa huko kinanyang'anywa mtambo.

Mchangiaji, Kisesa

Dada wa Magu umenifungua upande wa majaruba, sikuwa nauongelea huo. Kwa mbuga nakubali mtambo mwepesi. Kwa viwanja vya mlimani bado nasema mtumba mkubwa.

Mleta mada, Buhongwa

Dada yangu wa Magu, ahsante. Mtambo kutembea kwa msimu ni wazo nitakalolipeleka kwenye kikao, kwa sababu linajaza miezi ambayo mjini kazi inapungua. Wa Kirumba, kifungu cha mita 60 kiingie kama ulivyosema, sina neno la kupunguza.

Kaka wa Kisesa, mtumba wa Kijapani wa tani 17 ni mzuri kwa mwenye mtaji. Kikundi cha watu wachache kikivunjikiwa giaboksi ya mtambo huo, kimekufa siku hiyo hiyo, hakuna mwanachama mwenye uwezo wa kuchangia. Giaboksi ya huu mdogo watu wanne wanaibeba mpaka gereji. Jiwe likitokea tutasema hatuliwezi, tutampa mteja namba yako.

Nabaki kwenye robo, na naongeza paa la fundi wa Nyakato juu yake. Ninachoomba sasa kwa wadau ni kitu kimoja: maofisa maendeleo wa kata wanapopitia maombi huangalia ankara ya kununulia. Hiyo ankara ya maboresho, yaani oili, bolti, fremu, machujio, rola za akiba na ada ya opereta kusoma chuo cha ufundi VETA, haina mahali pa kuandikwa kwenye maombi ya vikundi vingi. Fundi, ukiweza andika orodha yenye bei za Mwanza za mwezi huu, tuiambatishe kwenye andiko letu ukurasa wa pili, waione kabla hawajaona bei ya mtambo.