Ukivamiwa zamu ya usiku, deni ni la nani?

Wakuu, hili limenikaa rohoni muda mrefu, naomba tulijadili.

Niliuza mafuta sheli moja ya barabara kuu kwa miaka miwili. Sefu ilikuwa ofisini, ufunguo anao meneja, na meneja saa kumi na mbili jioni keshaondoka. Kwa hiyo mauzo ya usiku kucha tulikuwa tunatembea nayo kiunoni, kwenye kimkoba. Taa ya upande wa dizeli ilikuwa imekufa, wiki ya tatu, na tulishasema. Saa nane usiku zikaja bodaboda mbili, watu watatu, mapanga. Wakanichana mkono, wakakata mkanda wa mkoba, wakaondoka.

Asubuhi swali la kwanza la bosi: "Kulikuwa na ngapi?" Laki sita na themanini. Nikaambiwa nimepata shoti, yaani upungufu wa mauzo. Mshahara laki mbili, nikakatwa laki moja na thelathini na sita kila mwezi, miezi mitano. Piga hesabu nilikuwa nakula nini.

Baadaye ndipo nikasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya hapa Tanzania, kifungu cha 28. Hasara unakatwa ikiwa imetokea kwa kosa lako, uandikiwe chanzo chake na hesabu yake, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mimi niliambiwa kwa mdomo, palepale kwenye pampu, mkono bado una bandeji.

Sidai bosi apambane na majambazi. Ila nani aliamua sefu ifungwe jioni? Nani aliacha taa? Aliyepanga mazingira ndiye abebe hasara yake. Mkaguzi wa usalama akija anaangalia mitungi ya kuzimia moto na ndoo za mchanga. Kiunoni mwangu hakuna aliyewahi kuangalia.

MWENYE VIBANDA
Pole kijana, lakini tusidanganyane. Nina vibanda viwili vya uwakala wa pesa. Mwaka juzi binti "aliibiwa" floti yote, yaani mtaji wa kufanyia miamala, saa tano asubuhi, majirani wote wapo na hakuna aliyesikia hata kelele. Tukisema kila akiibiwa mfanyakazi hasara ni ya tajiri, kila mwisho wa mwezi tutavamiwa. Na ulinzi wa raia ni kazi ya polisi, kodi nalipa.

MPWANI
Naandika kutoka Mombasa. Huku Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata pesa zilizopungua, bora mkataba uwe umekukabidhi pesa hizo na zimepungua kwa uzembe au udanganyifu wako. Kwa hivyo mwenye vibanda, ukimshuku binti, thibitisha. Shaka si ushahidi. Na mtu aliyewekewa panga shingoni akatoa pesa, uzembe wake uko wapi? Ulitaka afe?

Wewe wa sheli, mbona kila mtu anazungumza pesa? Huo mkono je? Kwenu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulianza 2015, mwajiri ndiye anayechangia. Ulidai?

MLETA MADA
Ndugu yangu wa Mombasa, sikujua hata kama huo mfuko upo. Nyuzi nne nilishonwa kwa hela yangu, na RB, ile namba ya taarifa polisi, nilienda kuchukua mwenyewe kwa miguu.

Mzee wa vibanda, nakuelewa, wapo wanaochonga dili na wezi. Ila dawa yake si kumkata kila mtu. Pesa zisikae mikononi mwa mfanyakazi. Ziko sefu zina tundu juu, unatumbukiza noti basi, ufunguo huna. Hapo hata ukitaka kuchonga dili utachonga na nini?

MWENYE VIBANDA
Sefu hiyo bei gani? Kibanda chenyewe mbao. Na floti iko kwenye simu, utaitumbukiza simu?

MLETA MADA
Kwa kibanda nakubali umenibana, hilo sina jibu. Kwa sheli sikubali. Jamaa niliyemwachia zamu ananiambia wameshaweka sefu ya tundu, wamebandika na bango: MHUDUMU HANA UFUNGUO. Taa ya dizeli nayo inawaka. Sijui ni kwa laki zangu sita na themanini au ni nyingine.