Nimesomea meno kwa mkopo, sasa nataka kuondoka. Nakosea wapi?

Gego32
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 28, nimemaliza DDS (digrii ya udaktari wa meno) pale Muhimbili, miaka mitano na mmoja wa intanship juu yake. Sa hivi niko hospitali ya wilaya huku kusini, kiti cha meno tunacho kizuri tu ila kompresa, ile ya upepo unaoendesha mashine ya kuchonga meno, imekufa tangu mwaka jana kwahiyo siwezi kuziba wala kutibu mzizi, kazi yangu ni ganzi na koleo, mtu anakuja na jino ambalo ningeliokoa, naling'oa. Nimeng'oa mpaka usiku naota nang'oa. Mshahara ukitoa ile 15% ya bodi ya mikopo na michango ya ukoo haufiki tarehe 10. Nataka nikafanye mtihani wa Uingereza wa kuruhusiwa kutibu meno kule. Mama anasema nenda mwanangu, mjomba ananiita msaliti. Nyie mnaonaje?

Mlipakodi
Mjomba wako mzee wa busara. Sukari ninayonunua inakatwa kodi, hiyo kodi ndo imekusomesha, halafu umeiva unaenda kuwachokonoa meno wazungu. Ningekuwa mimi waziri unasaini kwanza miaka kumi kijijini ndo upewe cheti.

Shangazi Tandika
Kodi gani wewe, kijana kasema MKOPO na anakatwa kila mwezi. Mbona watoto wenu wakienda Oman kufanya kazi za ndani hamuwaiti wasaliti, mnakaa kusubiri hela ya Idi tu.

Mlipakodi
Nina watoto wawili wapo darasa la tatu, hakuna aliyeko Oman. Usinivunjie heshima.

NipoLeeds
Dogo mimi niko huku mwaka wa sita, natunza wazee, meno siyajui ila nakaa nyumba moja na dada wa Kihindi ambaye kwao ni daktari wa meno kabisa, huku anapanga bidhaa sapamaketi mwaka wa tatu. Huo mtihani (ORE) wanataka uwe umetibu wagonjwa kwa mkono wako masaa 1600, nafasi za sehemu ya kwanza zikifunguliwa zinaisha kabla hujamaliza kuandika jina, sehemu ya pili ni pauni elfu kadhaa. Zamani ulikuwa unajisajili kama msafisha meno huku unasubiri, huo mlango waliufunga 2023. Na kinachochekesha wenyewe wanalia hawana madaktari wa meno, 2024 Bristol kliniki moja ilianza kupokea wagonjwa wapya foleni ikazunguka mtaa mpaka polisi wakaja.

Kaka Mpole
Si nasikia Tanzania tupo kwenye orodha ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya nchi ambazo haziruhusiwi kuchukuliwa wahudumu wa afya?

NipoLeeds
Wao ndo hawatakiwi kuja kuwatongoza huko. Ukiomba mwenyewe hakuna anayekuzuia.

Tozo Mjini
Gego unahangaika na Uingereza ya nini, nenda Arusha kafungue kliniki, kule kila mdomo una rangi ya chai ya rangi 😂 miaka miwili una ghorofa

Mmeru wa Usa
Wewe Tozo hebu rudia. Mimi meno yangu ya kahawia, nina digrii mbili, mke wangu kanipenda nayo na nina ng'ombe sita wa maziwa. Wewe mwenye meno meupe una nini zaidi ya bando la kutukania watu?

Tozo Mjini
Natania mkuu povu la nini

Mmeru wa Usa
Utani ni wa mtani. Tumetaniana lini mimi na wewe?

Kaka Mpole
Ni floraidi jamani, madini yaliyomo kwenye maji ya kule, sio uchafu. Kiwango cha WHO milligramu 1.5 kwa lita, sisi tulikaa miaka na miaka na kiwango cha 4, na kabla ya hapo nadhani hata 8. Pale Ngurdoto, Arusha, kuna kituo cha serikali wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Ustadhi Kipara
Mifupa? Ng'ombe kachinjwa na nani?

Shangazi Tandika
Haya sasa 😂😂

Mama Nuru
Si mchemshe tu hayo maji, bibi yangu alisema yakichemka inaisha.

Gego32
Hapana mama, ukichemsha maji yanapungua floraidi inabaki palepale, ndo unaizidisha. Na inaharibu meno yakiwa bado yanajengwa ndani ya fizi, mtoto mdogo, kwahiyo mtu mzima ukihamia Arusha leo hugeuki rangi. Kingine ni magadi, yale ya kwenye makande, nayo yana floraidi.

Mama Nuru
Magadi usiyaguse baba. Maharage bila magadi utayapikia gesi mpaka saa tano usiku, utaninunulia wewe mtungi?

Mlipakodi
Mnaona sasa? Mtu anajua yote haya na anataka akawaambie watu wa Leeds ambao hata magadi hawayajui.

Gego32
Mkuu leo ndo mara ya kwanza naulizwa. Kazini mtu anafika shavu limevimba, kashapitia kwa mganga, kashaweka betri la redio kwenye jino, anachotaka ni kung'olewa na awahi gari la saa nane.

Mmeru wa Usa
Dokta achana nao. Nina binti ana miaka 16, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Kufunika meno sita ya mbele inaweza kuwa shilingi ngapi?

Gego32
Kama ni rangi tu na hayajamomonyoka, kwanza wayasugue juu kwa dawa waone yanatokaje, usikubali mtu aanze kuyachonga mtoto wa umri huo. Ningekufanyia mwenyewe bila hela, ila na hiyo inataka mashine, na mashine inataka kompresa.

Mmeru wa Usa
Kwani hiyo kompresa bei gani? Tunaweza kuchanga humu.

Mlipakodi
Msichange. Ataondoka nayo.