Mrejesho: Yule wa mume mvuvi, sasa nalala

Wapendwa, ni mimi wa Bagamoyo, niliyeuliza nitaachaje hofu. Mume wangu huvua dagaa usiku, nami nilikuwa nampigia kila nusu saa mpaka chaji inamwishia. Wengine mliniambia nimwachishe kazi (tule nini?). Dada mmoja akasema: fanya lililo lako, lililobaki mwachie Mungu. Nikashika hilo.

Lililo langu lilikuwa jaketi la kuokolea. Nikavunja kibubu, nikanunua. Alicheka, lakini akalivaa. Tukakubaliana pia kwamba kusi ikivuma sana haendi, na simu ni moja tu, kabla hawajasukuma chombo.

Giza la mwezi huu ameenda siku saba. Usiku wa kwanza sikulala, nisiwadanganye. Nilikaa barazani nahesabu karabai za baharini kama mwendawazimu. Usiku wa nne nikasali isha, simu nikaifungia kabatini. Nilikuja kushtushwa na adhana ya alfajiri. Nikashuka soko la samaki, pale karibu na forodha ya zama za Wajerumani, nikamkuta anashusha ndoo, magamba mpaka kwenye ndevu.

"Mke wangu, leo hukupiga. Kwani nimekuudhi?"