Mabao 190 ya Christine Sinclair mnayafukia wapi kila mkimtaja Ronaldo?

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa Ronaldo na Messi, maana mada kama hizi zikiingia kule ndiyo zimezikwa.

Juzi kwenye kipindi cha michezo cha redio moja inayosikilizwa sana hapa Dar, mchambuzi katamka kwa kujiamini kabisa kwamba binadamu aliyeifungia timu ya taifa mabao mengi kuliko wote ni Cristiano Ronaldo. Wenzake wawili wakaitikia "hakika". Hakuna aliyeongeza "kwa upande wa wanaume". Nikatuma meseji ya kusahihisha, haikusomwa. Zikasomwa za "CR7 mbuzi", yaani Ronaldo ndiye bora wa muda wote, mfululizo, mpaka kipindi kikaisha.

Haya, namba hizi hapa. Christine Sinclair, aliyekuwa nahodha wa timu ya wanawake ya Kanada: mabao 190, mechi 331. Ronaldo na heshima zake zote amevuka 130 na bado anasukuma. Rekodi ya dunia, uweke wanaume na wanawake kapu moja, dada huyu aliichukua Januari 29, 2020 kule Texas, alipowatupia Saint Kitts na Nevis mawili na kumpita Mmarekani Abby Wambach aliyeishia 184. Septemba 2021 Ronaldo alipompita Ali Daei wa Iran, aliyekuwa na rekodi ya wanaume, magazeti yetu yalijaa picha yake ukurasa mzima. Siku hiyo Sinclair alikuwa mbele yake kwa mabao zaidi ya sabini.

Na msiniambie FIFA haimtambui. Januari 2022 kwenye tuzo zao za The Best walitoa tuzo maalumu kwa watu wawili kwa ajili ya hizi hizi rekodi za mabao ya timu ya taifa: Ronaldo na Sinclair. Kwenye magrupu yetu ilizunguka picha ya mmoja tu. Mnajua ni ya nani.

Najua povu linalokuja: "anafunga vibonde." Tuongelee vibonde basi. Luxembourg peke yake imechangia mabao 11 kwenye hesabu ya Ronaldo, na sijawahi kusikia mtu akiyatoa. Kila fowadi wa timu ya taifa ana vibonde vyake, ndivyo mechi za kufuzu zilivyo.

Mimi nawapeleka Old Trafford, uwanja huo huo mnaoapa kwa jina lake. Agosti 6, 2012, nusu fainali ya Olimpiki, Kanada na Marekani. Marekani ile ya Wambach, Rapinoe na Alex Morgan, si ya kuokoteza. Sinclair akafunga matatu peke yake. Mara tatu Kanada ikaongoza, na kila mara aliyefunga ni yeye. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi na kidogo, 3-2, refa kutoka Norwe akampulizia kipa wa Kanada eti kakaa na mpira zaidi ya sekunde sita. Jamani, nani kati yenu amewahi kuona hiyo faulo ikipulizwa nusu fainali? Makipa wa enzi zile walikuwa wanakaa na mpira mpaka unakwenda kununua maji unarudi! Ikatoka adhabu ndani ya boksi, mpira ukamgonga beki mkononi, penalti, Wambach akasawazisha. Dakika ya 123 Morgan akamaliza kazi kwa kichwa. 4-3.

Baada ya mechi nahodha akasema alichokiona, kwamba refa alikuwa ameshaamua matokeo. FIFA wakamtwanga kifungo cha mechi nne na faini juu. Siku tatu baada ya kipigo kile aliwainua wenzake wakaifunga Ufaransa 1-0, bao la Diana Matheson dakika za majeruhi, wakapata shaba. Kanada walimpa bendera ya nchi yao aibebe kwenye sherehe ya kufunga Olimpiki.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kombe la Dunia, mechi ya ufunguzi Berlin dhidi ya wenyeji Ujerumani, alipigwa kiwiko akavunjika pua. Daktari akitaka atoke, yeye akagoma, akarudi, akapiga friikiki ikaingia. Walifungwa 2-1 na timu ikamaliza mashindano mkiani kabisa, lakini lile lilikuwa bao la kwanza Ujerumani kuruhusu Kombe la Dunia tangu 2003. Mechi zilizofuata alicheza na barakoa usoni. Angekuwa wa kiume, ile picha ingekuwa nyuma ya daladala kila njia.

Sasa kinachoniuma zaidi kuliko hao wa redioni. Huyu mtu aliitwa timu ya wakubwa mwaka 2000 akiwa na miaka 16. Kawaletea shaba ya London, shaba ya Rio, kisha dhahabu ya Tokyo Agosti 2021 kwa kuitoa Sweden kwa penalti. Ungedhani shirikisho lake lingemwekea zulia. Thubutu! Mwaka huo huo wa dhahabu lilitumia dola za Kanada milioni 11 kwa timu ya wanaume na milioni 5.1 kwa mabingwa wa Olimpiki. Watetezi wanasema wanaume walikuwa na mechi nyingi za kufuzu. Sawa, lakini hata hao wanaume Juni 2022 waligoma kucheza na Panama kwa sababu ya hela, kwa hiyo msinipe stori za bajeti nzuri.

Chanzo kimojawapo ni mkataba ambao shirikisho liliingia na kampuni iliyoitwa Canadian Soccer Business: shirikisho lilikuwa linapewa kama dola milioni tatu hadi nne kwa mwaka, kampuni inabaki na hela za matangazo na udhamini. Timu ilipopanda chati, aliyenenepa ni mwingine.

Februari 2023 wachezaji wakatangaza mgomo. Shirikisho likawatishia mahakama. Wakalazimika kuingia uwanjani Marekani wakiwa na fulana za zambarau zimeandikwa kwamba sasa imetosha. Mwezi huo huo rais wa shirikisho akajiuzulu, na Machi nahodha akakaa mbele ya kamati ya Bunge pale Ottawa, mwanamke wa miaka 39 mwenye medali tatu za Olimpiki, akieleza wabunge kwamba timu yake haiheshimiwi. Eti ndiyo nchi zilizoendelea hizo. Nikikumbuka dada zetu wa Twiga Stars huwa najiuliza wao watapeleka wapi kilio chao.

Kombe la Dunia 2023 ndilo mnalolikumbuka vizuri, kwa sababu Chiamaka Nnadozie wa Nigeria alimpangulia penalti na mechi ikaisha 0-0. Memes zikatembea wiki nzima. Nami nakubali, mwaka ule miguu ilishachoka, na kocha angemwanzishia benchi mapema. Lakini lilikuwa Kombe la Dunia lake la sita, na katika matano ya mwanzo alifunga kila moja. Anayeweza kunitajia mwingine zaidi ya Marta na Ronaldo mwenyewe aliyefunga katika makombe matano, anitajie.

Desemba 2023 wakamuaga Vancouver dhidi ya Australia, watu zaidi ya 48,000, uwanja ukapewa jina lake kwa siku moja. Siku moja! Na ligi ya kulipwa ya wanawake nchini kwake ikaanza Aprili 2025, miezi michache baada ya yeye kutundika daluga kwenye klabu ya Portland Thorns ya Marekani mwishoni mwa 2024. Wanaume walipata yao 2019. Sehemu kubwa ya maisha yake ya klabu kaila Marekani, kabeba ubingwa wa huko mara tano, wakati kwao hakukuwa na pa kuchezea. Leo ni mmoja wa wamiliki wa Vancouver Rise, timu ya ligi hiyo mpya ya wanawake.

Wale wa "akapike", nimeshawaona kwenye nyuzi nyingine, msijisumbue. Wenye hoja za mpira karibuni, na mnianzie na hili: mwaka 2012, baada ya mabao sita na kiatu cha dhahabu cha Olimpiki, FIFA walitangaza watatu bora wa kugombea tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Wambach, Morgan na Marta, ambaye Brazil yake iliishia robo fainali. Sinclair hakuwemo. Mwenye maelezo aje nayo hapa.