PPF imegeuka njano na kingo zimeota weusi: isafishwe au ibanduliwe?

gari_jeupe
Wakuu, gari ni jeupe, PPF (filamu angavu ya kulinda rangi ya gari) iko kwenye boneti, bampa la mbele na mafenda, mwaka wa nne sasa. Boneti ina mikwaruzo midogo ya mviringo inayoonekana juani. Kingo za bampa zina mstari mweusi usiotoka kwa shampuu, na fenda la kushoto linaelekea njano. Fundi mmoja anasema ipigwe kampaundi (dawa ya kung'arisha inayokwangua), mwingine anasema ibanduliwe yote. Nimsikilize nani? Na ikibanduliwa, rangi haitang'oka nayo?

skwiji_na_maji
Kampaundi hapana, mkuu. PPF ina gundi chini, TPU (plastiki inayonyumbuka) katikati, na juu kabisa koti jembamba linalojiponya likipata joto. Zote kwa pamoja ni kama mikroni 150 hadi 200, na hilo koti la juu ni mikroni chache tu. Kampaundi inalila. Likishaisha, mikwaruzo haitajifuta tena na TPU itaanza kunywa uchafu.

Boneti ioshe vizuri kwanza, maana ukipasha joto juu ya vumbi unaligandisha. Kisha imwagie taratibu maji ya moto ya nyuzi 60 hivi, au iache juani. Mikwaruzo ya kwenye koti itapotea yenyewe. Pale ambapo ukucha unakwama, mkato umeshaingia kwenye TPU na hapo hakuna joto litakalousaidia. Ukitumia mashine ya hewa moto, kaa sentimita 20 hadi 30 na mkono usisimame sehemu moja. Kwenye bampa uwe makini zaidi, plastiki inapinda mapema.

Njano ndiyo ya kuchunguza kabla ya kuamua lolote. Chagua eneo la kiganja, changanya isopropili alkoholi na maji nusu kwa nusu, futa kwa kitambaa cheupe cha maikrofaiba. Kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia, tatizo liko juu: moshi, utomvu wa miti, vumbi la breki. Hapo pulizia kitoa chuma (dawa ya kuondoa chembe za chuma) kisicho na asidi, kivulini, bodi ikiwa baridi, na suuza kabla hakijakauka. Kitambaa kikitoka safi na njano ikabaki palepale, basi gundi au TPU yenyewe imezeeka kwa jua. Hiyo haisafishiki, na atakayekuambia anaweza kuisafisha anataka hela yako.

mlinda_kingo
Naongezea kwenye kingo. Ule weusi ni vumbi lililonasa kwenye gundi iliyochungulia nje. Mswaki laini wa meno na shampuu, ukisugua kwa kuufuata ukingo, kamwe usisugue kuelekea chini ya filamu. Malizia kwa kitambaa chenye ile alkoholi.

Ukingo ulioinuka kidogo na bado safi unarudi: pasha, bonyeza kwa kidole, acha ukauke kabisa. Mchanga ukishaingia kwenye gundi, hautashika tena, unakatwa tu. Mpe kazi hiyo fundi mwenye mkono mwepesi, kwa sababu wembe ukifika kwenye klia ya gari (koti angavu la juu ya rangi) umefungulia kutu mlango.

Kingo nyingi huinuliwa na mashine ya presha. Tumia nozeli inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 40, kaa walau nusu mita, na maji yatoke upande wa filamu kwenda kwenye rangi tupu, si kinyume. Waksi za rangi nazo ziache. Kwenye gari jeupe zinaacha unjano, na zile za kukauka zinabaki kama chaki ukingoni.

gari_jeupe
Nashukuru. Nimejaribu kitambaa: boneti kahawia, fenda safi kabisa. Kuweka koti la seramiki juu kutasaidia? Na kuhusu kubandua?

skwiji_na_maji
Basi boneti inasafishika, fenda libanduliwe. Seramiki weka kwenye boneti ikishakuwa safi. Kinyesi cha ndege na madoa ya maji hayatang'ang'ania sana, ila usitegemee izuie mawe. Kinyesi chenyewe usikisugue kikiwa kikavu, kifunike kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu dakika tano kisha kiinue. Kwenye fenda seramiki isipakwe kabla ya filamu mpya, gundi haitashika vizuri.

Kubandua: pasha nyuzi 50 hadi 60, anzia kona, ikunje filamu kurudi nyuma ikiwa karibu na bodi, vuta polepole. Ukiinyanyua wima ndipo unahatarisha klia. Gundi iliyobaki ilainishe kwa kitoa gundi na kuifuta, bila wembe.

Rangi ya kiwandani kwa kawaida inavumilia. Hatari ni fenda lililowahi kupigwa rangi, hasa lenye putini. Pima kwa kipima unene, kisha kwenye namba uliyopata toa unene wa PPF. Rangi ya kiwandani mara nyingi iko kati ya mikroni 90 na 150; ukipata 300 na zaidi, hapo kuna rangi ya pili.

mlinda_kingo
Na ikionekana ni rangi ya pili, pasha kwa muda zaidi, vuta vipande vyembamba, na usimame mara tu ukiona klia inanyanyuka. Kama fenda litapigwa rangi upya, subiri walau siku 30 ikauke hadi ndani kabla ya kubandika filamu nyingine.