Mweusi aliyelala katika picha ya Mount: mvivu, au amechoka kama wenzake?

Kuna hoja inayorudi kila mara kwamba Farmers Nooning (yaani mapumziko ya adhuhuri ya wakulima), picha aliyoichora Mmarekani William Sidney Mount mwaka 1836, ni mandhari ya shamba tu, na anayeuona ubaguzi humo kaja nao mwenyewe. Mimi sikubali, na naomba tujadili.

Ni adhuhuri, Long Island, jimbo la New York. Wavuna nyasi wamepumzika. Juu ya rundo la nyasi kavu, pale jua linapopiga, Mweusi amelala chali, mkono kaupitisha juu ya kichwa. Mtoto wa kizungu mwenye kofia ya Kiskoti anamtekenya sikio kwa unyasi. Wote wamepumzika, lakini anayechezewa ni mmoja.

Utumwa ulikwisha kisheria New York tarehe 4 Julai 1827, miaka 9 tu nyuma. Mwaka 1834 makundi yenye hasira dhidi ya wapinga utumwa yalivunja makanisa na nyumba za Weusi katika jiji la New York. Ndiyo maana namwelewa Elizabeth Johns, mwanahistoria wa sanaa, anayeiona kofia ile kuwa alama ya wapinga utumwa, na kutekenywa sikio kuwa ni kurubuniwa kwa maneno matamu ya uhuru. Ukiisoma hivyo, picha inamwambia Mweusi kwamba hata hamu yake ya haki amepandikiziwa na wengine.

Mtaniambia mwili ule umechorwa kwa heshima. Ni kweli, hakuna mwingine pale aliyepewa nuru kama yeye, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mount alijua kumwona Mweusi. Tazameni Eel Spearing at Setauket ya 1845: mwanamke Mweusi kasimama kwenye ncha ya mtumbwi, mkuki mkononi, macho majini akivizia mkunga, na mtoto wa kizungu kakaa nyuma ameshika kasia. Pale mwenye ujuzi ni yeye, na mtoto anamfuata.

Sisemi Farmers Nooning iondolewe ukutani mwa makumbusho. Ibaki, ila maandishi ya pembeni yayaseme haya bila kumung'unya.

Na ninyi mnaosema ni utundu wa mtoto tu: wazungu nao wamepumzika pale pale. Kwa nini unyasi ule haukwenda kwenye sikio la mmoja wao?