Kodi (programu ya kuchezea video kwenye TV) imefuta maktaba yote usiku mmoja na skripti ni yangu mwenyewe, nisaidieni jamani

BintiLangoni:
Assalam aleikum wakuu. Niko Lamu, Langoni. Nyumbani nina Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, yenye LibreELEC, mfumo wa kuendeshea Kodi, nimeichomeka kwa TV ya ukumbini, na diski ya nje ya TB 2. Filamu zimo lakini cha maana humo ni kaseti za marehemu babangu, maulidi ya pale msikiti wa Riyadha na maharusi ya ukoo, nilizihamisha kutoka VHS moja moja karibu mwaka mzima, ziko 143. Mamangu kila baada ya isha anaketi na rimoti yake, na ile alama ya tiki ndiyo inamwambia kaseti gani ashaiona na ipi bado.

Sasa diski haikuwa na lebo, na nikisahau flashi nyingine imechomekwa Pi ikiwaka basi njia ya diski, yaani anwani yake, inabadilika, leo sda1 kesho sdb1, kila filamu ikawa na nakala mbili, moja inacheza nyengine inasema faili haipo. Nikajitia mjuzi. Nikatengeneza folda /storage/filamu, nikaweka mstari kwa autostart.sh, faili inayoendeshwa kila Pi ikiwaka, wa kupandisha diski (kuiunganisha) hapo hapo siku zote, halafu nikaandika skripti ya cron, inayojiendesha yenyewe kwa saa, isafishe maktaba saa kumi alfajiri, yaani iondoe kwenye orodha faili zisizokuwepo. Wiki tatu mambo mazuri kabisa.

Juzi stima ilikatika usiku wa manane ikarudi. Asubuhi nafungua, maktaba tupu. Sifuri. Mama ameniuliza mara moja tu, "umezifuta kaseti za babako?" na tangu hapo amenuna. Nimemwonyesha kwa laptopu faili zote ziko lakini haelewi, kwake kilichoko kwenye TV ndicho kilichoko. Nifanyeje?

DadaMkomani:
Pole bui. Si uskani tu upya, Kodi ipitie diski iongeze ilizokuta? Kama faili ziko zitarudi zote.

BintiLangoni:
Zitarudi ndio, kila moja nimeiandikia NFO yake kando, faili ndogo ya maelezo. Ila tiki hazirudi, na mama anazijali hizo tiki kuliko mimi ninavyojali chochote.

FundiMalindi:
Dada subiri kwanza, usiguse kitu. Naona kilichotokea. Stima iliporudi Pi iliwaka lakini diski haikupanda. Lakini folda yako /storage/filamu iko kwenye memori kadi, umeitengeneza kwa mkono wako, kwa hiyo hata diski isipokuwepo folda ipo, imekuwa tupu tu. Kodi saa kumi imeambiwa safisha, ikaenda ikakuta njia ipo, ndani hamna kitu, ikaamini umefuta kila kitu ikaondoa maktaba nzima. Hiyo njia ingekuwa haipo kabisa ingekuwa mambo mengine. Yaani ile folda uliyoitengeneza kwa usalama ndiyo iliyokuponza.

Swali moja, hiyo LibreELEC umeiapdeti lini mara ya mwisho?

BintiLangoni:
Ya 11 kwenda ya 12, baada ya maulidi kwisha, mwisho wa Mfungo Sita. Kwa nini?

FundiMalindi:
Basi una bahati. LibreELEC 11 ni Kodi 20 na 12 ni Kodi 21. Kodi ikipanda toleo haiigusi hifadhidata ya zamani (faili inayoweka orodha na tiki), inanakili inatengeneza mpya. Ingia kwenye Pi kwa SSH, yaani kutoka laptopu kwa kuandika amri, nenda /storage/.kodi/userdata/Database, utakuta MyVideos131.db, hiyo ni ya sasa iliyofutwa, na kando yake MyVideos121.db ya siku ulipoapdeti, hakuna aliyeigusa. Fanya hivi:

systemctl stop kodi
mv MyVideos131.db MyVideos131.mbovu
systemctl start kodi

Usiifute, ibadilishe jina tu. Kodi ikiwaka haitaona 131, itaichukua 121 na kuipandisha upya. Tiki za mama zitarudi zilivyokuwa siku hiyo. Lakini ZIMA CRON KWANZA na hakikisha diski imepanda, usije ukairudishia skripti kitu cha kusafisha.

Ami_wa_Shela:
Nyinyi mnashughulika na hifadhidata na mwizi yuko kwa waya. Diski haikupanda kwa nini? Binti, unatumia chaja gani? Andika vcgencmd get_throttled unambie inajibu nini.

BintiLangoni:
Shikamoo ami. Imejibu throttled=0x50005. Chaja ni ya simu yangu ya zamani, imeandikwa 5V 2A.

Ami_wa_Shela:
Marahaba. Hiyo 0x50005 maana yake umeme hautoshi hivi sasa, na ulishapungua kabla. Ingekuwa sawa ingejibu 0x0. Pi 4 inataka 3A, na wewe juu yake umeipakia diski inayokula kutoka USB hiyo hiyo, inapoanza kuzunguka inavuta zaidi na hapo ndipo inashindwa kupanda. Kuna alama ya radi kwenye kona ya TV? Watu huidhani pambo. Tafuta chaja ya 3A yake hasa na habu ya USB yenye umeme wake ya kuchomekea diski. Na chomoa plagi za USB uzitazame kwa tochi, huku kwetu kwa chumvi ya bahari zangu zilikuwa na kutu ya kijani nikawa nalaumu diski mwezi mzima.

BintiLangoni:
Radi ipo ami! Mama alishaniuliza ni nini, nikamwambia ni ya TV 🙈

FundiMalindi:
Sasa skripti. Kwanza hamisha video zote ndani ya diski ziingie folda moja, tuseme filamu/video, na kwa Kodi chanzo, yaani folda inayosomwa, kiwe hicho cha ndani, sio folda ya juu, maana diski isipopanda hiyo ya ndani haitakuwepo. Najua njia zikibadilika itabidi uskani, kwa hiyo rudisha tiki kwanza kama nilivyosema, halafu fanya export (kutoa nakala) ya maktaba kwenye faili mbalimbali, inaandika tiki ndani ya NFO, na kwenye advancedsettings.xml, faili ya mipangilio ya Kodi, uweke importwatchedstate iwe true kwa sababu bila hiyo haizisomi. Ila nakili NFO zako pembeni kabla, export ikikuuliza na ukakubali inaandika juu yake. Pili weka faili tupu ya alama kwenye diski yenyewe, na skripti ianze kwa kuitafuta:

[ -f /storage/filamu/.nipo ] || exit 1
kodi-send --action="CleanLibrary(video)"

Alama haionekani, skripti inaondoka kimya. Na usiweke skani na kusafisha zifuatane, amri inarudi papo hapo na kazi bado inaendelea nyuma, kwa hiyo zipishe saa nzima. Mimi naona kusafisha kila usiku ni pupa, mara moja kwa wiki yatosha.

DadaMkomani:
Na maharusi uyaweke chanzo chake, uchague kusoma NFO za ndani tu. Harusi ya dadangu Kodi iliitafuta mtandaoni ikaibandikia picha ya filamu ya Kihindi, shemeji hadi leo anatuchekea.

BintiLangoni:
ZIMERUDI. 121 ilikuwepo kama ulivyosema. Kaseti sita nilizoongeza baada ya Mfungo Sita hazimo, hizo nitaskani kesho chaja ikishapatikana. Mama ameshika rimoti, amepita orodha yote mpaka chini, halafu ananiambia harusi ya shangazi aliiona wiki jana na tiki haipo. Nimemwambia aiangalie tena. Ami, hiyo chaja ya 3A Lamu nimeulizia maduka mawili hakuna, kuna mtu atoka Malindi wiki hii anishikie moja?